Mwenye Mimba Hutangulia Njia

Kwa wakwe zangu, upande wa Kabambare, nyoka hamuumi mwanamke mwenye mimba. Hawasemi kwamba ni nadra, wala hawasemi Mungu akipenda. Wanasema hawezi. Akimwona tu, nguvu zinamwishia, mwili unalegea, analala pale pale alipo mpaka mwanamke apite. Ndiyo maana wanawake wakienda shambani kwa njia nyembamba, mwenye mimba hutangulia na wengine humfuata mmoja nyuma ya mwingine, wakipiga soga bila kutazama wanapokanyaga.

Upande wa pili wa imani hiyo ndio ulionikosesha raha. Ikiwa nyoka hawezi kumuuma mwenye mimba, basi aliyeumwa ana neno la kueleza. Watasema mimba si ya mume wake. Nyoka anatambua damu, wanasema, na mimba ya wizi haimfungi. Kwa hiyo mwanamke akiumwa njiani anapoteza vitu viwili kwa mpigo mmoja, uhai wake na jina lake, na mtoto aliye tumboni anaitwa mwanaharamu kabla hajapewa nafasi ya kulia.

Mimi ni mtoto wa Kasongo mjini. Nilikulia karibu na soko, nikasoma shule ya kanisa, na wakati ninaousimulia nilikuwa nafundisha darasa la tano. Mume wangu alikuwa anachimba dhahabu Salamabila. Alikuja alipopata pikipiki, akalala siku chache, akarudi kwenye mashimo yake. Mwanamke mwenye mume wa namna hiyo akishika mimba, majirani wanakunja vidole na kuanza kuhesabu miezi. Vidole vyao vinajua hesabu kunishinda mimi ninayeifundisha, na jambo hilo lilikuwa linanipandisha hasira hata kabla mtu hajafungua mdomo.

Mwaka uliotangulia nilikuwa nimepoteza mimba ya kwanza. Mama mkwe wangu, mwanamke anayeogopa pikipiki kuliko kifo, alipanda pikipiki akaja mpaka Kasongo kwa ile barabara ya mashimo. Alinikanda maji ya moto, alinipikia, alifua nguo ambazo mama yangu mzazi angenifulia kama angekuwa hai. Hakuniuliza hata swali moja. Aliponiaga alisema tu kwamba tumbo lililobeba mara moja linajua njia. Nilimpenda tangu siku hizo, nami najua kumpenda mtu kulivyo kugumu kwangu.

Basi likizo kubwa ilipofika, nikiwa na mimba ya miezi sita, nilikwenda kwao kumsaidia kuvuna karanga za mwisho. Alinipokea kwa vigelegele. Alinizungusha nyumba kwa nyumba akinionyesha, mkono wake mgongoni kwangu, na jioni alinikatia mguu wa kuku ambao hupewa wageni wakubwa.

Siku mbili za mwanzo tulikaa uani tukichambua karanga, na maneno yalikuwa ya wanyama, maana wanawake wa pale wanapenda kumcheka mwalimu wa mjini. Walisema kinyonga hupasuka tumbo ili azae, kisha hufa palepale. Nikasema wengi wao hutaga mayai ardhini, hufukia, huenda zao. Walisema ukiua nyoka, mwenzake hufuata harufu ya damu mpaka mlangoni kwako kulipa kisasi. Nikasema nyoka hana ndoa. Wakishakutana wamemaliza, kila mmoja na njia yake.

"Sawa na wanaume wa Salamabila," akasema wifi yangu, mdogo wa mume wangu, na tukacheka mpaka karanga zikamwagika.

Sikuwa msafi mimi pia. Nilikuwa nimewafundisha watoto darasani kwamba nyoka ni kiziwi kabisa, hasikii lolote, na nilikuja kujua baadaye kwamba anasikia, mitikisiko ya ardhi na hata sauti zinazopita hewani. Kila mmoja ana uongo wake kuhusu wanyama, ule wangu ulikuwa umepigwa chaki tu.

Lakini lile la mwenye mimba sikulikanusha. Fikiria mwenyewe. Mwanamke ambaye mume wake yuko Salamabila anasimama mbele ya wakwe na kusema kwamba nyoka anaweza kumuuma mwenye mimba. Angekuwa anajihukumu kabla ya kesi. Nilifunga mdomo wangu, nikaendelea kuchambua.

Siku ya tatu tulikwenda shambani watano: mimi, mama mkwe, wifi yangu, na wanawake wawili wa jirani, mmoja mnene mcheshi na mwingine mwembamba ambaye maneno yake yalikuwa na pilipili. Anayetangulia habebi fimbo. Nilikuwa nimeokota moja karibu na jiko, mama mkwe akaitoa mkononi mwangu taratibu, akairudisha kwenye kuni.

"Fimbo ya nini, mutoto yangu? Wewe njo fimbo yetu, wewe mwenyewe."

Nikatangulia. Asubuhi hatukuona kitu. Njia inapita kwenye shamba la zamani lililoachwa, majani makavu yamejaa, na mahali pamoja inabanwa kati ya gogo kubwa lililoanguka na korongo lenye miba. Pale unapita kwa kugusa gogo na kiuno. Tulipita, tukafika, tukang'oa karanga mpaka jua likageuka. Katikati ya kazi wifi yangu alirudi peke yake kuchukua bidoni ya maji aliyoisahau kwenye gogo, akaja nayo akiimba.

Alasiri tukaanza kurudi. Wao walikuwa na vitunga vizito mgongoni, kamba zimebana paji la uso, vichwa vimeinama, isipokuwa wifi yangu aliyebeba beseni kichwani; mama mkwe na yule mnene walikuwa na majembe pia. Mimi nilikuwa nimeachiwa mikono mitupu kwa ajili ya tumbo langu. Kwa hiyo nilikuwa na nafasi ya kutazama, na nilipokaribia gogo nilimwona.

Nilimwona kwa bahati, maana kifutu haonekani. Ni mnene kama mkono wa mwanaume, mfupi, na mgongo wake umechorwa rangi za majani makavu, kahawia na nyeusi na weupe wa vumbi. Alikuwa amejikunja chini ya gogo, upande wa njia, hatua mbili kutoka miguuni kwangu. Jicho ndilo lililonifanya nisimame. Mengine yote yalikuwa majani.

"Mama," nikasema bila kugeuka. "Iko nyoka."

Nyuma yangu minong'ono ikakoma. Kisha nikasikia kitu ambacho sikukitegemea: walikuwa wanafurahi. Yule mnene alipiga kigelegele cha chini chini. Mama mkwe akanisogelea, akachungulia juu ya bega langu, na sauti yake ikajaa fahari.

"Unaona vile analala? Simama pale pale, mutoto yangu. Umuangalie tu, usimutoshe macho. Sisi tutapita nyuma yako."

"Mama, tuzunguke."

"Tuzunguke wapi? Huku iko shimo na miba. Na tuzunguke juu ya nini, na wewe uko hapa?"

"Ao iko kitu unaficha?" akauliza yule mwembamba.

Hakusema zaidi. Hakuhitaji. Nilisikia damu ikinipanda usoni, na nakiri kwamba kwa kitambo hicho hasira ilinizidi hofu. Kama angeniambia niketi juu ya nyoka yule ningeketi, ili tu mdomo wake ufungwe. Nikasogea hatua moja pembeni, nikasimama kati ya kifutu na njia, tumbo langu limemwelekea kama walivyotaka.

Kumwua hakukuwezekana. Nyoka aliyefungwa na mimba hauawi. Wanasema ukimwua, mtoto huzaliwa shingo imelegea. Kazi yangu ilikuwa kusimama.

Yule mnene akapita kwanza. Kitunga chake kilikwaruza gogo, na papo hapo kifutu akaanza kutoa sauti. Ilikuwa pumzi nzito, inatoka na kuingia, na mwili wake ulivimba na kunywea pamoja nayo.

"Munasikia?" akasema mama mkwe. "Anakoroma. Amelala kabisa."

Wote walikuwa wamefundishwa hivyo, kwamba nyoka aliyefungwa hukoroma. Nilitaka kuamini. Mtoto, kama vile alikuwa amesikia, akaanza kugeuka tumboni. Nilimtazama kifutu kama nilivyoagizwa, sikumwondolea macho, na kwa kuwa nilimtazama niliona jambo ambalo wengine hawakuliona kwa sababu walikuwa wanapita wameinamisha vichwa.

Yule mnene alipofika mbali, mkoromo ulipungua. Yule mwembamba alipokaribia, ukapanda. Alipopita, ukashuka. Wifi yangu alipoanza kupanda mzizi wa gogo na beseni lake kichwani, ukapanda tena, wa juu zaidi. Nimelala na watu wanaokoroma maisha yangu yote, tangu bibi yangu mpaka mume wangu. Hakuna aliyelala anayepandisha mkoromo kila mtu anapomkaribia. Kifutu hakuwa amelala. Alikuwa anatuonya, mmoja mmoja, kwa lugha pekee aliyo nayo.

Nikakumbuka bidoni. Wifi yangu alikuwa ameichukua kwenye gogo lile lile mchana, na yeye hana mimba, hata mume hakuwa naye. Yawezekana nyoka yule alikuwa pale pale chini ya mkono wake. Alitulia kwa ajili yake kama alivyotulia kwa ajili yangu, kwa sababu kutulia ndiyo kazi ya kifutu. Nyoka wengine wakisikia miguu hukimbia. Yeye hutegemea rangi yake, hukaa kimya, hungoja upite. Watu wakaona anakaa kimya mbele ya mwenye mimba wakashangaa, na hakuna aliyewahi kujiuliza anafanya nini mbele ya wengine, maana mbele ya wengine hawakumwona.

Sikuwa nimemfunga. Nilikuwa nimesimama na tumbo langu mbele ya mdomo wa kifutu, basi. Wanawake watatu walikuwa wamekwisha pita, sauti zao zilikuwa zinapotelea kwenye kona ya njia. Alibaki mama mkwe. Nikajiambia apite yeye tu, nirudi nyuma taratibu, iishe.

Hakupita. Alitua kitunga chake chini, pembeni yangu, akajifuta mikono kwenye kitenge.

"Mama, pita."

"Ngoja. Nitoshe jani moja chini yake."

Desturi hiyo sikuwa nimewahi kuisikia, akanieleza kwa maneno machache. Kifutu hatagi mayai. Huzaa watoto hai, wengi, kwa wakati mmoja, na wanatembea siku hiyo hiyo. Hilo ni kweli tupu, na wao walilijua kabla ya vitabu vyangu. Kwa hiyo jani alilolalia kifutu aliyefungwa huwekwa chini ya mkeka wa mzazi, ili mtoto atoke kwa urahisi. Mama mkwe alikuwa ameona mimba yangu ya kwanza ilivyokwisha. Alitaka jani lile kuliko chakula. Akaanza kuinama, mkono umenyooka, na mkoromo wa kifutu ukabadilika ukawa mkali, wa kukatika katika. Kichwa chake kipana kikarudi nyuma, shingo ikajikunja.

"Mama, usiiname. Si usingizi ule. Ana hasira."

"Usiogope. Umuangalie tu."

"Mama, nakuomba."

"Wewe mutoto ya mujini," akasema kwa upole, akitabasamu, na mkono ukaendelea kushuka.

Mkwe hashikwi. Kwa heshima zetu yeye hunigusa, lakini mimi simgusi mama mkwe mwilini, simpigii kelele, simvuti nguo. Na kama ningemvuta kwa nguvu mahali pembamba vile tungeanguka wote wawili juu ya nyoka. Kumweleza mambo ya kifutu na rangi yake, hapo mkono ulipokuwa umefika, ilikuwa ni kuhubiri nyumba inaungua. Kulikuwa na neno moja tu ambalo angelisikia, na nililisema kabla sijalipima.

"Mama, sina mimba tena. Imeharibika. Damu imetoka leo asubuhi."

Mkono ukasimama hewani.

Sijui nieleze vipi uso wake. Aligeuza kichwa akanitazama, na sikuona hofu ya nyoka hata kidogo, niliona tu msiba. Kisha mwili wake ukakumbuka yuko wapi, akauvuta mkono nyuma, akarudi hatua, na kisigino chake kikagonga kitunga. Kitunga kikapinduka, kikabingirika mpaka chini ya gogo, karanga zikamwagika juu ya majani.

Wanasema kifutu ni mvivu. Hutembea polepole, ndiyo, anajikokota kama mtu aliyeshiba. Lakini akipiga, ukope wako haujafumba amekwisha rudi. Nilisikia kishindo cha kitu kikigonga matete ya kitunga, nikaona kifutu amejikunja tena kama mwanzo, na kati ya mambo hayo mawili sikuona kitu. Kwenye ukingo wa kitunga, kilicholala mahali ambapo mkono wa mama mkwe ulikuwa umefika, mistari miwili ya maji ya manjano ilikuwa inateremka.

Tulirudi nyuma kwa kuburuza miguu, mama mkwe akiburuza jembe lake, mimi bila kumgeuzia kifutu mgongo. Tukapitia upande wa miba. Ilituchana miguu na nguo mpaka tulipofika njia pana.

Pale akaketi chini. Hakuwa analilia nyoka. Alifunika uso kwa kitenge akaanza kulia kwa sauti ndogo, akiyumba, akisema: "Tena. Mungu yangu, tena." Kisha akajifuta haraka haraka, akaanza kunifikiria mimi. Aliniuliza kama damu ilikuwa nyingi, kama tumbo linakata, kwa nini nilitembea na hali hiyo, kwa nini nilisimama juani. Akaanza kuvua kitenge chake cha juu anifunge nacho.

Hapo ndipo hofu yangu ya kweli ilipoanza. Nyoka alikuwa nyuma yetu, lakini nilikuwa nimejiingiza mahali pabaya kuliko chini ya gogo. Kama ningenyamaza, ningemwacha aomboleze mjukuu aliye hai. Kama ningesema kweli, ningempa mkononi ushahidi dhidi yangu: mimba iko, na nyoka amepiga mbele yake. Kwa sheria yao hakuna maelezo mengine. Mume wangu yuko Salamabila, mama yake ameona kwa macho yake mwenyewe, na yule mwembamba yuko kwenye kona anangoja habari.

Alikuwa amepiga magoti ananifunga kitenge kiunoni. Alikuwa anaangalia fundo lisibane tumbo. Sikuweza kunyamaza.

"Mama," nikasema. "Nilidanganya. Mimba iko. Nilisema vile uache kuinama."

Hakuelewa. Nikachukua mkono wake, mimi mkwe, nikauweka juu ya tumbo langu, na tukangoja. Mtoto aliyekuwa akigaagaa muda wote ule sasa alikuwa ametulia kana kwamba naye anasikiliza kesi. Nilimwomba kimoyomoyo. Akapiga teke, tena la nguvu, na mama mkwe akaruka kidogo.

Nilimwona anafurahi, na nilimwona anaanza kufikiri. Mkono wake ulibaki tumboni, lakini macho yaliondoka kwangu yakaenda kwenye njia tuliyotoka.

"Basi nyoka alipiga na mimba iko pale," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Mbele yako."

"Mbele yangu."

Kwa mbali nilisikia wale wengine wakituita. Akauliza, na hakuinua sauti:

"Ni ya mutoto yangu?"

Nilitaka kukasirika. Hasira ilikuwa tayari, nimeizoea, ingenisaidia kusimama. Lakini sauti yake haikuwa ya hakimu. Ilikuwa ya mtu anayeogopa jibu, na niliona kwamba hakuogopa jibu la hapana. Aliogopa la ndiyo.

"Ni ya mutoto yako," nikasema. "Sijamujua mwanaume mwingine. Nyoka hafungwi na mimba, mama. Hafungwi na kitu. Anakaa kimya kwa kila mutu, mpaka mutu amuguse."

Akautoa mkono. Akaketi tena chini, miguu imenyooka mbele yake kama mtoto.

"Basi hata yeye alisema kweli," akasema.

Nikamuuliza nani. Nilikuwa nimeolewa katika nyumba ile miaka minne, na nilijua kwamba mume wangu ndiye wa kwanza kuzaliwa. Nilikuwa nimeambiwa hivyo. Mama mkwe, akitazama vidole vya miguu yake, akaniambia kwamba kabla ya mume wangu alizaa msichana. Msichana aliolewa kijiji cha pili, akashika mimba, akatangulia wanawake njiani, na nyoka akamuuma kwenye kifundo. Wakwe zake walimrudisha kwao siku hiyo hiyo juu ya baiskeli, hai bado, kama mtu anavyorudisha kitu kibovu kwa aliyemuuzia. Hawakumtafutia dawa. Nani anampa dawa mwizi?

"Aliapa," akasema. "Aliapa kwa Yesu na kwa maziwa yangu. Alisema, mama, ni ya bwana yangu. Aliniangalia mimi tu, kwa watu wote. Na mimi nilimugeuzia mugongo."

Hakulia aliposema hivyo. Ningependa kama angelia. Nilimkasirikia, siwezi kuficha, nilimkasirikia kwa ajili ya yule msichana nisiyemjua, na wakati huo huo nilitaka kumshika kichwa nikiegemeze kwangu. Yote mawili yalikuwa ndani yangu na hakuna lililomfukuza mwenzake. Niliketi karibu naye mpaka aliponiambia niinuke.

Hatukwenda nyumbani moja kwa moja. Aliacha njia akaingia kwenye majani marefu kando ya shamba la zamani, akitangulia yeye, akipiga majani kwa mpini wa jembe ili kitu chochote kilicho mle kisikie na kuondoka. Hakutafuta. Alijua mahali. Kulikuwa na tuta dogo tu la kaburi, limezama, limefunikwa na majani na mizizi, bila msalaba wala jiwe, kwa sababu mtu wa namna ile hazikwi pamoja na wengine. Akaanza kupalilia. Niliponyoosha mkono kumsaidia akaniambia nikae kivulini. Alikuwa anaongea chini chini kwa Kibangubangu, lugha ya kwao, haraka, akikata majani. Kibangubangu changu ni cha kununulia samaki sokoni. Nilishika neno moja tu ambalo lilirudi na kurudi, nalo ni lile la kuomba msamaha.

Wale wengine wakawa wamerudi kututafuta. Walifuata majani yaliyolala, wakatokea, wakasimama. Yule mwembamba alitazama tuta, akatazama jembe, akanitazama mimi na tumbo langu.

"Munafanya nini hapa?" akauliza. "Hapa hapapaliliwi."

Mama mkwe akanyoosha mgongo. Alikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko.

"Ninapalilia mutoto yangu," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Aliumwa na nyoka. Mimba ilikuwa ya bwana yake."

Wifi yangu alikuwa amesimama na beseni kichwani, machozi yanamtiririka bila yeye kuyafuta. Kisha akatua beseni, akachukua jembe la yule mnene, akaanza upande wa miguu.